Mashine Imelala

Mshangano, Songea
Jumatano, 9 Julai 2025

Mwanangu Remmy,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkeo Careen naye tumbo limetulia. Huku baridi imetubana, zamu ya asubuhi tunaianza na makoti juu ya ovaroli.

Simu yako naipiga tangu jana, haipatikani. Kwenye lile kundi letu la WhatsApp la mradi sitaki kuandika, maana Bwana Emiliani anasoma kila neno, na ameshasema jambo hili lisitoke nje ya kiwanda. Yeye ndiye meneja, mimi ni kiongozi wa zamu tu. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, nimempa kondakta wa basi la Tunduru awape watu wa gari la hospitali ya Mbesa.

Mwanangu, mashine yako ya kuchanganya unga imezunguka yenyewe.

Ilikuwa jana, tulipotoka kwenye sikukuu ya Saba Saba. Unga wa lishe ulikuwa umegandia mapanga yale ya ndani, si unajua unavyoganda siku za baridi. Mashine ilikuwa imelala. Thadei akafungua kifuniko akaingia na kikwanguo chake kama siku zote, maana ndiye mwembamba kuliko wote. Akamaliza. Akawa anatoka, mguu mmoja ameshautoa nje, mwingine bado uko ndani, ndipo ikaanza. Hakuna aliyegusa kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama karibu na kile kioo cha maandishi, nakuapia sikuinua hata mkono. Ikachukua buti. Buti tu, namshukuru Mungu, mguu uliteleza ukatoka na soksi. Buti lenyewe tulilikuta chini limekatwakatwa kama kabichi.

Thadei hakupiga kelele. Na tangu saa ile hasemi. Wewe unajua ni mkwe wangu, amemuoa Jovina wangu. Kwa heshima zetu siwezi kumkalia mkwe usoni nikamuuliza, “Baba, unaogopa?” Wala yeye hawezi kunitamkia mimi kwamba hataki kurudi mle ndani. Jovina anasema ugali haupiti, anakaa tu anauangalia mguu wake.

Watu wa zamu wameanza maneno. Asubuhi hii nimewakuta wawili wanaipita mashine kwa kuzunguka mbali, kama mtu anavyolipita kaburi la jirani. Nimewakaripia. Halafu mimi mwenyewe nikaipita kwa mbali.

Uliacha nini ndani ya mashine hii? Niambie, hata kama ni jambo la kukuaibisha. Sitakusema.

Mimi mama yako wa kiwandani,
Kunegunda


Mbesa, Tunduru
Jumamosi, 12 Julai 2025

Mama Kunegunda,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea koridoni, nimeimaliza nikiwa nimekaa chini. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mara tulipofika hapa, haijafufuka. Ya kuazima naipata kwa shida, na mtandao wenyewe wa kubahatisha.

Careen bado amelazwa. Presha inashuka mchana, jioni inapanda. Miguu imevimba hadi vidole havitofautiani. Wanasema mtoto anahitaji kukaa ndani muda kidogo tena, na kila mara muuguzi anapokuja na kile kipimo cha mkono mimi naangalia uso wake kwanza kabla ya kuangalia mshale. Kwa hiyo unisamehe kama nitaandika vibaya. Hofu mbili haziingii kwenye kichwa kimoja.

Mama, programu haiwezi kufanya ulichokieleza. Nimeipitia kichwani mstari kwa mstari. Mashine ikizimwa haiwaki mpaka mtu abonyeze. Na hata kama mtu angebonyeza kwa bahati mbaya, kifuniko kilikuwa wazi, na kifuniko kikiwa wazi swichi yake inakata kila kitu. Sasa imebaki sehemu moja tu ya kutazama, nayo ni nyaya. Nyaya alifunga Abdulatifu. Sisemi ni mtu mbaya. Ila unakumbuka tulivyorushiana maneno siku ya makabidhiano, na mtu mwenye hasira mkono wake hautulii. Mwangalie taratibu, bila yeye kujua, kama kuna waya ameuhamisha. Barua hii usimwonyeshe.

Unauliza kama niliacha kitu. Sikuacha. Programu iko kwenye kompyuta yangu peke yake, na neno la siri ninalo mimi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuichezea. Bwana Emiliani aliniomba nakala, nikamwambia nitaleta. Wewe ni mama, utanielewa: ukishawapa watu kila unachokijua, kesho hata shikamoo hawakuitikii.

Nakuomba jambo moja. Mtu yeyote asiingie mle mpaka nirudi. Mwambie Thadei pole. Mwambie kupitia Jovina.

Mwanao,
Remmy


Ruhuwiko, Songea
Jumanne, 15 Julai 2025

Kwako Injinia Remmy,

Salaam. Mgonjwa wako Mwenyezi Mungu amshushie shifaa. Hilo nalisema kwa moyo mweupe, kabla sijaandika mengine ambayo moyo wake si mweupe sana.

Mama Kunegunda hajui hila. Ameizunguka paneli yangu ya umeme siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamuuliza, “Mama, umepoteza nini?” Akaanza kulia, akanipa barua yako. Nimeisoma yote. Usimlaumu, ulimpa kazi ambayo si ya mtu mwenye roho kama yake.

Nyaya nimezikagua zote, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye paneli hadi kwenye mota na kurudi. Hakuna uliohama, hakuna uliolegea, hakuna uliochubuka. Kazi ya umeme nimeifanya tangu wewe uko shule ya msingi Namtumbo, na sijawahi kufunga waya kwa hasira.

Umeandika habari za swichi ya kifuniko. Swichi ipi, ndugu yangu? Iko stoo, ndani ya boksi lake, hata karatasi ya nailoni haijachanwa. Nilikuja kwako nayo mkononi nikakuuliza niifunge wapi ili programu yako iione. Unakumbuka ulivyonijibu mbele ya vibarua? “Mzee, mambo ya programu niachie mimi.” Nikakuachia. Nikajua siku yake ikifika utaniita. Hukuniita, nami sikuuliza mara ya pili, kwa sababu mtu mzima haulizi mara mbili mahali alipofukuzwa.

Na siku ile ya buti nilikuwepo. Wallahi kioo kilikuwa kimeandika IMELALA, kwa herufi kubwa, nimekisoma kwa macho yangu. Mashine iliyolala haiamki bila mtu wa kuiamsha. Kama imeamka, basi aliyeiamsha ni wewe, kwa hayo maandishi yako ambayo hutaki mwenzio ayaone.

Jumamosi tunaifungua tena. Siku hiyo watu wote wataona ubovu uko kwa nani.

Wako katika kazi,
Abdulatifu


Mshangano, Songea
Jumatano, 16 Julai 2025

Mwanangu Remmy,

Nimekukosea. Barua yako Abdulatifu ameiona. Najua naye amekuandikia, na sura aliyokuwa nayo akiandika sitaki kuisimulia. Hamsalimiani tena hata kwa kupitia kwangu. Yeye anajua nusu, wewe unajua nusu, na mimi niko katikati sijui hata robo.

Nilimwambia Bwana Emiliani kwamba umekataza watu kuingia. Amejibu, “Huyo yuko Mbesa, sisi tuko hapa.” Jumatatu wanakuja wageni wanaotaka unga wetu kwa ajili ya mashule, na hawawezi kuonyeshwa mashine yenye ukoko. Jumamosi asubuhi ni lazima ikwanguliwe. Nikamwambia basi angalau kinu cha kusaga kisimame wakati tunakwangua, tuwe na utulivu. Akakataa, mahindi yamejaa uwanjani mpaka kwenye geti, magari mengine yako njiani. “Kinu ni kinu, kichanganyio ni kichanganyio,” akasema. “Kichanganyio kikilala, kimelala.”

Thadei ndiye ataingia. Hakuna aliyemlazimisha kwa mdomo. Bwana Emiliani alitaja jina lake, yeye akainamisha kichwa, ikawa ameitikia. Jovina amekuja kwangu jana akakaa jikoni, akanisaidia kuchambua maharage, akaondoka. Ningejua kusoma mawazo ningesoma.

Nimefanya uamuzi wangu. Siku hiyo nitasimama mwenyewe pale kwenye kioo, na sitamruhusu mkwe wangu aingize hata kidole mpaka nione kimeandika IMELALA. Nitakodoa macho hapo mpaka atoke. Hiyo ndiyo njia niliyonayo ya kumlinda.

Ukipata simu ya kuazima, nipigie. Mwambie Careen tunamwombea rozari kila jioni.

Mama yako,
Kunegunda


Mbesa
Jumamosi, 19 Julai 2025

Mama, msiingie. Msiingie. Msiingie.

Barua zenu mbili zimefika pamoja asubuhi hii. Najua hii itakufikia mambo yakiwa yameshakwisha. Naandika kwa sababu nimekupigia kwa simu ya muuguzi mpaka ikazimika chaji, sasa imechomekwa ukutani na mimi nimekaa chini yake. Yako tu ndiyo namba ninayoijua kwa kichwa. Inaita, inaita, haipokelewi. Simu zenu ziko kwenye sanduku la Hassani mlinzi pale getini. Najua, mimi ndiye niliyeipendekeza sheria hiyo, watu wasichezee simu karibu na mashine.

Mama, IMELALA haina maana mnayoidhani.

Neno hilo nililiweka mimi. Kwangu IMELALA ni mashine isiyo na kazi, inangoja. Kule juu kwenye pipa linalopokea unga wa kinu kuna kijicho, kifaa kidogo cha kuhisi. Unga ukijaa ukakifikia kijicho, mashine inaamka yenyewe na kuanza kuchanganya. Ndivyo nilivyoitengeneza, na ndiyo sababu mlinipigia makofi, kwamba haingoji mtu. Ikiwa imekufa kabisa inaandika IMEZIMWA. Nilitaka neno la kwetu, neno zuri, nikaona hili mtalipenda. Sikuwauliza. Abdulatifu ndiye aliyenifumbua macho, “mashine iliyolala haiamki bila mtu wa kuiamsha.” Nikakumbuka kinu cha zamani, mlivyokuwa mkivua mkanda jioni na kusema kimelala, halafu mnafunga mlango mnakwenda nyumbani. Mara ya kwanza uliniandikia “mashine ilikuwa imelala”, nami nikasoma kama mtu anavyoongea tu, kumbe ulikuwa unanisomea maandishi yangu mwenyewe.

Na swichi iko kwenye boksi. Nami nilikuwa nimekaa hapa najifariji kwa swichi iliyo kwenye boksi.

Na kinu kinasaga. Kila dakika unga unapanda kukifuata kijicho, na wewe umesimama hapo unakodolea neno langu, unaona liko salama.

Careen ameniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni moshi. Akasema, “Remmy, moshi uko wapi?” Nikamweleza yote. Ameniambia nitoke wodini nisije nikaipandisha presha yake, halafu akaniita tena nikiwa mlangoni, akasema, “Endelea kupiga.”

Simu imewaka. Napiga.

Inaita tu.


Mshangano, Songea
Jumapili, 20 Julai 2025

Mwanangu Remmy,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi Kunegunda ninayeandika, kwa mkono wangu. Thadei yuko hai. Nimeanza na hayo ili usome mengine ukiwa unapumua.

Jana tulifungua kifuniko asubuhi, baada ya chai. Nikasimama kwenye kioo kama nilivyosema. Kikaandika IMELALA. Nikamwambia Abdulatifu, “Mwambie mwenzako imelala, aingie.” Thadei akapanda ile ngazi ndogo. Akainua mguu, ule ule wa buti, akauweka juu ya ukingo, akabaki hivyo. Aliniangalia mimi, na mkwe hamwangalii mama mkwe machoni, Remmy, lakini aliniangalia. Vijana wa kupakia wakaanza kucheka. Bwana Emiliani akaangalia saa.

Nikasema, “Abdulatifu, mwambie mwenzako ashuke. Nitaingia mimi.”

Thadei akashuka, akageuza uso ukutani nilipokuwa napandisha mguu, ili asinione. Nikaingia. Mle ndani ni pafupi, unapiga magoti, mapanga yako mbele na nyuma yako. Panga moja lilikuwa limenielekea tumboni. Nikakwangua. Nilikuwa nasikia unga juu yangu, unashuka kwenye pipa, kama mvua ya mbali kwenye bati. Sauti hiyo nimeishi nayo miaka, sikuwa na sababu ya kuiogopa. Ikawa inazidi kuwa nzito. Halafu ikanyamaza, kama chombo kilichojaa.

Nikasikia kwenye paneli, tak.

Nje mtu akapiga yowe, “Inafanya kazi! Imeandika inafanya kazi!”

Nilijua ndiyo basi. Sikusali, mwanangu, maisha yangu yote nimesali na saa ile sala haikuja. Nililiangalia lile panga lililonielekea tumboni. Nikalingoja. Halikusogea. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, nauona mwanga wake kwenye unga, kioo kinasema mashine inazunguka, na mashine imesimama. Nikawa siwezi kutoka. Mikono imekwisha nguvu. Nilifikiri nikigusa tu chochote ndipo itakumbuka.

Ni Thadei aliyenitoa. Aliruka ngazi akaingiza mikono yake, akanishika chini ya makwapa, akanivuta kifuani kwake kama mtoto, akapiga kelele, “Mama, toka! Toka!” Mkwe wangu. Hajawahi hata kunipa sahani mkononi. Tukaanguka wote sakafuni, unga juu yetu. Yeye ndiye aliyelia.

Unataka kujua kwa nini haikuzunguka. Abdulatifu alikuwa ameng'oa fyuzi za mota kabla hatujaanza, akazitia mfukoni. Hakumwambia mtu. Hakujua habari ya neno lako, wala kijicho. Alikuwa na hasira ya barua yako. Alitaka kioo kiseme inazunguka huku mota haina umeme, ili watu wote waone kwamba nyaya zake hazina kosa na ubovu uko kwenye programu. Baadaye alikuja nyumbani, akakaa nje kwenye kibaraza, hakutaka kuingia. Akaniambia Bwana Emiliani alipopita karibu na paneli yeye aliogopa kuonekana, akazitoa mfukoni azirudishe, meneja akapita moja kwa moja, akazitia tena mfukoni. “Mama,” akasema, “nilikuwa nimeshazishika.” Alilirudia hilo mpaka nikamwambia aende nyumbani kwa mke wake.

Kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Kama usingemtukana, nisingekuwepo.

Hassani alikuja anakimbia na simu yangu, ameivunja sheria, anasema namba ngeni imeita mpaka akaogopa. Nilikuwa nimeshatolewa kwenye mashine. Ukaniambia kwenye simu yale uliyoniambia, nami nikakata, unisamehe, nilikuwa siwezi kulisikia tena neno lile.

Usiku nimelala taa inawaka.

Njoo, kama Careen atakuruhusu. Kinu Bwana Emiliani amekizima mwenyewe, lakini safari ya wageni ya Jumatatu iko palepale.

Kunegunda


Songea
Jumamosi, 26 Julai 2025

Careen mpenzi wangu,

Mama yako ameniambia kwa simu kwamba presha imetulia na jana ulikula wali na mchicha. Nimemwomba arudie mara tatu. Ningekupigia wewe, lakini ulisema nikuandikie ili usome ukiwa peke yako, na ulisema nisikufiche. Sikufichi.

Nilifika Jumatatu. Wageni walikuwepo. Bwana Emiliani alinivuta pembeni akaniomba niiwashe mashine kwa muda mfupi tu, waione inavyozunguka, mengine baadaye. Nilikuwa nafungua mdomo, maana mimi huyu unanijua, wakubwa wakiniomba kwa upole naitikia. Abdulatifu akaja akasimama katikati yetu. “Fyuzi ninazo,” akasema, “na sizitoi.” Nyuma yake zamu yote imesimama, hata wale vijana wa kupakia waliocheka. Wageni walionyeshwa kinu na stoo, wakanywa soda, wakaondoka. Kama watarudi sijui. Bwana Emiliani hasemi nami zaidi ya salamu.

Nilikwenda kwa Mama Kunegunda kabla sijazungumza na mtu mwingine. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanimiminia chai. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Tunduru. Akasema, “Kunywa kabla haijapoa.”

Jumanne tulikaa sakafuni, zamu nzima, mbele ya kile kioo. Nilitaka kuanza kueleza. Abdulatifu akasema hapana, wewe uliza, sisi tueleze. Ikawa hivyo. Nikalitoa neno moja moja kwenye kioo, kila mtu anasema analielewaje, mimi nasema nilikusudia nini. IMELALA tulikuwa tumeshalijua. Careen, nilifikiri ni hilo tu.

Tukafika kwenye TAYARI. Nililiandika nikimaanisha mashine iko tayari kuanza, mkae mbali. Nikamwomba Thadei aseme yeye kwanza. Ukiacha zile kelele za kumtoa Mama Kunegunda, alikuwa hajazungumza mbele ya watu tangu siku ya buti. Akafikiri, akasema kwa sauti ndogo, “Tayari, yaani imeshamaliza. Kama chakula tayari. Hapo ndipo ninapofungua kifuniko.”

Nikawaangalia wengine. Karibu wote wanaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndivyo wanavyofanya. Ndivyo walivyokuwa wakifanya tangu tulipoiwasha. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya magunia. Niliporudi wamenisubiri, Mama Kunegunda akanisogezea kikombe cha maji kama anamsogezea mgonjwa.

Maneno mapya wameyachagua wao. Mengine ni marefu, hayapendezi, nimelazimika kupunguza ukubwa wa herufi ili yaenee. Programu nimempa Abdulatifu nakala, na neno la siri, na tumekaa naye jioni nzima namwonyesha kijicho kinapoingia na kinapotokea. Ananiuliza maswali magumu. Angeniuliza tangu mwanzo kama ningemwachia nafasi.

Jana ilibidi tuifunge ile swichi ya kifuniko. Mtu mmoja ni lazima awe ndani, ashikilie upande wa chini. Nikasema nitaingia mimi. Abdulatifu akang'oa fyuzi, akanipa mkononi. “Anayeingia ndiye anayekaa nazo,” akasema. “Kuanzia leo, hata awe nani.” Nikazitia kwenye mfuko wa shati nikafunga kifungo.

Niliogopa, Careen. Nilikuwa na umeme wa mashine nzima mfukoni mwangu, naijua kila hatua yake kwa sababu niliiandika mimi, na bado nilipopiga magoti mle ndani mwili ulikataa. Ni pafupi, na mwanga wenyewe ni kidogo. Panga liko hapa, nakuonyesha kwa mkono kana kwamba unaniona, hapa, usawa wa tumbo. Nikafikiria Mama Kunegunda amelingoja. Nikamfikiria mtoto wetu. Bisibisi ikawa inanitoka vidoleni.

Ndipo Thadei akaanza kuongea. Alikuwa amekaa juu ya ngazi, karibu na kifuniko, mgongo umegeukia mashine. Akaanza habari za nguruwe wake. Kwamba jike limezaa watoto wengi kuliko chuchu, na Jovina anawanywesha wawili kwa chupa, mmoja mbishi, anamwuma vidole. Kwamba banda linavuja upande wa mgomba. Kwamba jirani yake amemwomba dume na yeye bado hajaamua. Hakuuliza kitu, hakungoja nijibu. Alipoishiwa na nguruwe akaanza mahindi. Nikafunga swichi nikimsikiliza, na hata niliposema, “Nimemaliza, natoka,” hakunyamaza mpaka nikawa nimesimama sakafuni na miguu yote miwili.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa anaongea vile, yeye ambaye siku zote ni mkimya.

Akaokota kikwanguo, akakipangusa kwenye suruali. “Mimi nilipokuwa naingia mle,” akasema, “hakuna mtu aliyekuwa ananisemesha.”

Napanda basi kesho asubuhi. Nisubiri.

Wako,
Remmy